Siku ya kupanda meli ya kitalii na mtoto mdogo: mwongozo kwa wanaoondokea Galveston

Kila likizo ya shule ikikaribia, maswali ni yale yale, na karibu yote yanatoka kwa wazazi wanaosafiri kwa meli ya kitalii kwa mara ya kwanza wakiwa na mtoto wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Tufike saa ngapi? Mabegi tunamwachia nani? Cheti cha kuzaliwa kinatosha au mpaka pasipoti? Mtoto atakula nini huko? Nimeyajibu hapa yote pamoja, kwa kufuata siku yenyewe inavyokwenda, tangu jioni ya kuamkia safari mpaka mtoto alale usiku wa kwanza baharini.

Nazungumzia bandari ya Galveston, Texas, kwa kuwa ndiyo Waswahili wengi wa Houston na Dallas huifikia kwa gari. Meli zake nyingi huenda Cozumel na Progreso, Mexico, safari za siku nne, tano au saba. Ukiondokea Miami au Port Canaveral, hatua hazibadiliki sana. Saa nazitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo ukisoma saa 5 asubuhi ujue kwenye hati yako ya kupandia meli imeandikwa 11:00.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote: siku hii ipange kwa kufuata usingizi na tumbo la mtoto. Meli ina ratiba yake, muziki sitahani, sherehe ya kuaga bandari, michezo ya kila aina, na utatamani kuhudhuria vyote kwa sababu umevilipia. Mtoto hajui kama umelipa. Akilala na kushiba kwa wakati wake, hata foleni ndefu mtaivuka salama.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Hati

Hapa ndipo watu wanaporudishwa nyumbani, kwa hiyo soma taratibu.

Kwa raia wa Marekani, safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani haimlazimishi mtu awe na pasipoti. Mtu mzima anaweza kupanda kwa cheti cha kuzaliwa, au cheti cha uraia kama aliapishwa, pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto raia aliye chini ya miaka 16 hutosheka na cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho kiwe kilichotolewa na jimbo au kaunti. Ile karatasi nzuri ya hospitali yenye alama za nyayo za mtoto ni kumbukumbu tu, haikubaliwi mlangoni. Pamoja na hayo, mkatieni mtoto pasipoti mkiweza. Akiugua Cozumel mkalazimika kubaki nchi kavu, ndege ya kurudi Marekani haipandwi kwa cheti cha kuzaliwa.

Mwenye grini kadi aende na kadi yenyewe, siyo nakala wala picha kwenye simu, pamoja na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda. Mexico haidai viza kwa mwenye grini kadi halali. Kama meli inapita nchi nyingine, kila nchi iangalie peke yake.

Mlioingia Marekani kama wakimbizi na bado hamjapata grini kadi, na hapa nawasemesha hasa ndugu zetu wa Kongo na Burundi: kwenda Mexico kwa meli ni kutoka nje ya Marekani, hata kama unarudi Galveston baada ya siku tano. Unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi mkononi kabla ya kuondoka, na jibu la maandishi kutoka kampuni ya meli kwamba wataipokea. Na aliyeomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa, akitoka bila kibali cha kurudi alichopewa mapema, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujalipa hata senti moja ya safari.

Halafu kuna suala la majina, ambalo kwetu ni kubwa kuliko kwa wengine. Mama jina lake la mwisho ni la baba yake mzazi. Mtoto jina lake la mwisho ni la babu wa kuumeni. Ofisa anayeziangalia hati mbili haoni uhusiano wowote. Kwa hiyo hata mtoto akiwa na pasipoti, beba na cheti chake cha kuzaliwa kinachotaja majina ya wazazi. Mzazi mmoja anayesafiri na mtoto bila mwenzake, au shangazi na bibi wanaomchukua mtoto, wawe na barua ya idhini kwa Kiingereza, imetiwa saini mbele ya notari (ofisa anayethibitisha saini), ikitaja tarehe za safari, jina la meli na simu ya mzazi aliyebaki.

Umri

Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6 siku ya kuondoka. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, zenye siku nyingi mfululizo bila kutia nanga, umri hupanda hadi miezi 12. Huu si umri wa kujadiliana na mtu pale gatini.

Usajili wa mtandaoni

Fanya mara unapofunguliwa, kwa kawaida wiki kadhaa kabla ya safari. Utapiga picha ya uso ya kila mmoja, wa nepi naye akiwemo, utajaza namba za hati, kisha utachagua saa ya kufika bandarini. Majina yaandike kama yalivyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Wakati huo huo omba kitanda cha mtoto, kwa sababu huwa ni vya kuhesabika, na kama mnakula halali tu, waandikie kampuni wiki kadhaa kabla. Chakula hicho hakitayarishwi kwa kuombwa siku hiyo hiyo.

Begi la mkononi

Mabegi makubwa utayakabidhi kwa wapagazi asubuhi na hutayaona tena mpaka alasiri au usiku, mara nyingine baada ya chakula cha jioni. Kwa hiyo begi la mgongoni linatakiwa liweze kumtunza mtoto mpaka kesho yake asubuhi:

– hati zote, kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo uwe na mtu mmoja tu;
– dawa zote, zenu na zake, pamoja na ya homa na kipima joto;
– nepi za siku nzima na usiku, karatasi za kupangusia, mfuko wa plastiki wa nguo zilizochafuka;
– nguo mbili za kubadilisha, nguo ya kulalia, na sweta, kwani ndani ya meli kuna kiyoyozi kikali hata nje kukiwa na jua la utosi;
– nguo za kuogelea za familia nzima;
– maziwa ya unga na chakula cha mtoto ambacho hakijafunguliwa;
– kitambaa au mdoli anaolala nao;
– chaja ya simu.

Vya kuacha nyumbani

Pasi, birika la umeme, mishumaa na waya wa kurefusha umeme vyote hutolewa kwenye begi kwa sababu ya hatari ya moto. Udi, ubani na chetezo navyo vimo katika katazo hilo. Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi pia, maana yake maandazi na sambusa mzimalizie garini. Wenye watoto wa uji msiwe na wasiwasi: asubuhi bafe huwa na uji wa shayiri, mayai, mtindi na ndizi, na mtoto wa Kiswahili hakosi la kula hapo.

HATUA KWA HATUA

1. Jioni ya kuamkia safari

Anayetoka Dallas asiondoke alfajiri ya siku hiyo. Ni zaidi ya saa nne za barabara, na ajali moja kwenye barabara kuu ya I-45 inatosha kuwaharibia kila kitu. Lala Houston au Galveston. Vivyo hivyo kwa anayekuja kwa ndege.

Chapisha lebo za mizigo za kampuni, zifunge kwenye mabegi makubwa na uzizungushie utepe wa gundi, kwa maana mvua ikinyesha lebo ya karatasi hulowa. Ndani ya kila begi weka karatasi yenye jina lenu, namba ya chumba na simu. Pakua programu ya simu ya kampuni ya meli na uingie humo ukiwa bado na intaneti ya nyumbani.

Kisha angalia hali ya hewa. Kati ya Desemba na Machi, Galveston hupata ukungu mzito wa baharini, na marubani wa bandari husitisha kuingiza meli mpaka uondoke. Kampuni hutuma ujumbe wa simu kubadilisha saa za kufika. Ndiyo maana namba uliyojaza kwenye usajili iwe ile unayoishika mkononi kila siku.

2. Chagua saa kwa usingizi wa mtoto

Wengi watakushauri uchukue nafasi ya mapema kabisa, saa 5 asubuhi, ili upate siku nzima melini. Kwa mtu mzima ni ushauri mzuri. Kwa mwenye mtoto anayelala mchana siukubali. Vyumba kwa kawaida hufunguliwa kuanzia saa 7 au saa 7 na nusu mchana, kwa hiyo ukipanda saa 5 utakuwa na mtoto mwenye usingizi na huna pa kumlaza kwa muda wa saa mbili au zaidi, katikati ya muziki na watu elfu kadhaa.

Chukua nafasi ya saa 6 na nusu au saa 7 mchana. Mtoto atasinzia garini mkiwa njiani, mtapanda ameamka, na chumba kitakuwa tayari au karibu tayari.

Tahadhari: usichelewe zaidi ya hapo. Meli ya saa 10 jioni haiwapokei watu mpaka saa 10. Sheria ya Marekani inataka orodha kamili ya abiria iwe imeshawasilishwa dakika 60 kabla ya kuondoka, na kampuni nyingi hufunga mlango mapema zaidi, dakika 90. Ukifika saa 9 na nusu utaiona meli bado ipo, ngazi imeshatolewa, na hakuna wa kukusikiliza.

3. Shusha mizigo kwanza, gari baadaye

Bandari ya Galveston ina zaidi ya jengo moja la abiria kando ya barabara ya Harborside. Jengo namba 10 liko mbali na namba 25 na 28, na kwa miguu pamoja na mtoto ni mwendo wa kuchosha. Soma namba ya jengo kwenye hati yako ya kupandia meli kabla hujavuka daraja la kuingilia kisiwani.

Nenda moja kwa moja kwenye jengo lenu. Mzazi mmoja ashuke na mtoto, kigari, begi la mkononi na mfuko wa hati. Wapagazi watayachukua mabegi makubwa pale pale ukingoni mwa barabara. Dola moja au mbili kwa kila begi ni desturi, kwa hiyo uwe na noti ndogo mfukoni. Msimamie mpagazi mpaka uone kila begi limeingia kwenye toroli na lebo yake ipo. Mwenzako aende kuegesha gari na kurudi kwa basi la maegesho. Maegesho yalipieni mapema mtandaoni. Kiti cha gari cha mtoto kibaki garini, chumba cha meli hakina nafasi yake.

Kosa linalotokea kila mara ni pasipoti kubaki ndani ya begi kubwa lililokwisha kuchukuliwa na mpagazi. Shika mfuko wa hati mkononi kabla mlango wa nyuma wa gari haujafunguliwa.

4. Ndani ya jengo la abiria

Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege ila mwepesi kidogo, viatu kwa kawaida havivuliwi. Kigari kitakunjwa na kupitishwa kwenye mashine, kwa hiyo mtoe mtoto na ukiondolee vitu vyote kabla hujafika mbele. Maziwa na chakula cha mtoto vitaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

Baada ya hapo ni dawati la hati. Mpe ofisa hati za wote kwa pamoja, zikiwa zimefunguliwa penye picha. Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini vinapofanya kazi. Mwenye familia yenye mtoto mdogo aulize kama kuna foleni ya familia. Mara nyingi ipo, na hakuna anayekuita.

Kabla ya kuingia ukumbi wa kusubiri, mpeleke chooni au mbadilishe nepi. Ukishaanza kupanda ile njia ndefu ya kuingilia melini hakuna choo katikati, na foleni ikisimama inasimama.

5. Mguu wa kwanza melini

Mlangoni watachukua kadi au simu yako, mashine itapiga mlio, na picha yako itatokea kwenye kioo chao. Mtoto naye ana rekodi yake. Mara mkiingia, tafuteni pa kunawa mikono kwa sabuni na maji. Dawa ya kujipaka inayotolewa kila kona haimudu virusi vya noro, ambavyo ndivyo husababisha kuharisha na kutapika melini, na mtoto wa miaka miwili hushika kila chuma na kila kitufe cha lifti halafu anaweka mkono mdomoni.

Siku hiyo hiyo asubuhi, kabla hamjaingia garini, mpige mtoto picha ya mwili mzima akiwa na nguo alizovaa. Akipotea machoni kwa dakika mbili, picha hiyo ndiyo utakayowaonyesha wahudumu.

6. Chakula, lakini si kule wanakokwenda wote

Abiria karibu wote hupanda lifti hadi bafe ya juu. Lifti zimejaa, meza hakuna, na wewe una kigari. Uliza kama ukumbi mkuu wa chakula, ambao kwa kawaida uko sitaha za chini, umefunguliwa kwa chakula cha mchana. Kwenye meli nyingi hufunguliwa siku ya kwanza, watu hawajui, na mtahudumiwa mkiwa mmekaa. Usipofunguliwa, nendeni bafe mzazi mmoja mmoja, mwingine akae na mtoto.

Mwite msimamizi wa ukumbi hapo hapo umkumbushe mambo ya halali au mzio wa karanga, samaki, mayai. Jambo mlilomwandikia mtu ofisini wiki tatu zilizopita lisikilizwe pia na yule anayesimama jikoni leo.

7. Zoezi la usalama

Hili ndilo jambo moja la siku ambalo halifuati usingizi wa mtoto.

Kwenye meli nyingi sasa unaangalia maelezo kwa simu au televisheni ya chumbani, kisha mnakwenda wenyewe mpaka kituo chenu cha kukusanyikia kadi zenu zisomwe. Nendeni mapema, mara baada ya kula, wakati hakuna foleni. Nendeni wote. Mtoto akiwa amelala, abebwe amelala.

Mtoto atafungwa utepe mkononi wenye alama ya kituo hicho. Usiukate mpaka mwisho wa safari. Kama meli ina hatari na mtoto yuko chumba cha michezo, wahudumu ndio watakaompeleka kituoni kwa kufuata utepe huo, nanyi mtamkuta huko. Muulize mhudumu aliyepo maswali mawili: nikiwa chumbani na mwanangu yuko kwenye michezo, tukutane wapi? Na jaketi la kuokolea la mtoto wangu liko wapi? Majaketi ya watoto wachanga ni ya walio chini ya kilo 15, na ya watoto ni kuanzia kilo 15 hadi chini ya 43. La mtu mzima halimshikilii mtoto, linamtoka kichwani. Kama chumbani hamna la saizi yake, liombwe leo.

Ishara ya hatari ni milio saba mifupi ya honi na mmoja mrefu. Mfundishe mtoto anayeweza kuhesabu.

Watu hulalamika kwamba zoezi linakatisha raha. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi, kwa kuwa kanuni za wakati huo zilitoa nafasi ya saa 24. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Na sisi wa Unguja na Pemba, tunaokumbuka meli ya MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011, hatuna haja ya kushawishiwa zaidi.

8. Chumba, na usingizi

Mkiingia, mtoto abaki kwenye kigari au mikononi mpaka ukague. Kama kuna roshani, jaribu kufuli ya juu ya mlango, sogeza viti na meza mbali na ukuta wa kioo, na mkubaliane wazazi wote wawili kwamba mtoto hatoki huko peke yake hata kwa nukta moja. Kitanda cha juu si cha mtoto mdogo. Mlango wa choo hujifunga kwa nguvu meli ikiyumba, na vidole vidogo ndivyo huumia.

Kigari hakiachwi ukumbini nje ya mlango, njia hiyo ni ya kukimbilia wakati wa hatari. Ndiyo sababu napendekeza kigari chepesi kinachokunjika.

Msalimie mhudumu wa chumba kwa jina, mwambie mtoto analala saa ngapi ili asigonge mlango wakati huo, na mkumbushe kitanda cha mtoto kama hakijaletwa. Maji ya moto ya maziwa mwombe yeye au chukua bafe.

Kisha funga pazia, mlaze. Mmoja wenu abaki, mwingine atembee.

9. Alasiri: michezo na bwawa

Chumba cha michezo cha watoto hufungua milango alasiri ya siku ya kwanza kwa wazazi kutazama na kuandikisha. Nenda, hata kama hujaamua. Kampuni ya Carnival hupokea watoto kuanzia miaka 2. Royal Caribbean na Disney huanzia miaka 3, na awe ameshaacha nepi. Kwa walio chini ya umri huo kampuni nyingine zina chumba cha kulelea cha kulipia, nafasi huisha mapema.

Na sasa habari inayowaliza watoto wengi: mwenye nepi haruhusiwi kuingia bwawani, hata zile nepi maalumu za kuogelea. Ni kanuni ya afya, na wasimamizi hawailegezi. Meli kadhaa zina eneo la maji ya kurukaruka lililotengwa kwa watoto wadogo. Uliza lilipo, na usimpitishe mtoto mbele ya bwawa kubwa akiwa amevaa nguo ya kuogelea.

Meli ikianza kuondoka, weka simu kwenye hali ya ndege. Mtandao wa simu wa baharini hutozwa bei kubwa, na programu ya meli hufanya kazi kwa intaneti ya humo ndani.

10. Jioni

Kwa meza ya chakula chagua zamu ya kwanza. Agizieni chakula cha mtoto mara mnapokaa, mkisubiri chenu. Onyesho la usiku wa kwanza liacheni lipite. Mtoto aliyeamka alfajiri, akasafiri kwa gari na kuona watu elfu, saa 2 usiku hana cha ziada cha kutoa.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Ukungu umeizuia meli. Usiende bandarini mapema ukidhani utapewa nafasi nzuri. Hakuna pa kukaa na mtoto kando ya barabara ile. Kaeni hotelini au nyumbani kwa ndugu mpaka ujumbe uje, na mpeni mtoto usingizi wake wa mchana huko huko.

Begi halijafika mpaka saa 3 usiku. Kwanza angalia nje ya milango ya vyumba vya jirani. Kisha nenda dawati la huduma uulize kama limezuiliwa na walinzi, kwa sababu mara nyingi ndani kuna pasi, kisu au waya wa umeme. Ukiwapo wewe, linafunguliwa, kitu kinachukuliwa na kuandikwa, mnaondoka na begi.

Mtoto ameamka na homa asubuhi ya safari. Mpigie daktari wake kabla ya kuondoka nyumbani, na mkiulizwa bandarini kuhusu kutapika au kuharisha, semeni kweli. Daktari wa meli yupo lakini ni wa kulipia, na bima ya kawaida ya Marekani mara nyingi hailipi huko baharini. Bima ya safari ikiwa ilinunuliwa mapema, ndiyo siku yake.

Mtoto analia kila ukimwacha chumba cha michezo. Usimwache usiku wa kwanza. Kaa naye mlangoni, aone vitu, mwondoke pamoja, mjaribu kesho baada ya chai.

Mtoto haonekani. Mwambie mhudumu wa kwanza unayemwona, yeyote, hata anayefuta meza, na umwonyeshe ile picha ya asubuhi. Wote wana njia ya kuwasiliana na ulinzi. Mzazi mmoja abaki palepale mtoto alipoonekana mara ya mwisho.

Kichefuchefu usiku wa kwanza. Pepo za kaskazini za majira ya baridi huichafua Ghuba ya Mexico. Watoto walio chini ya miaka miwili hawasumbuliwi sana. Wa miaka miwili hadi 12 ndio husumbuliwa zaidi. Mpe maji kidogo kidogo, biskuti kavu au kipande cha tufaa, mlaze chali katikati ya kitanda, na zima simu au katuni anayoitazama, kwani kukodolea kioo huzidisha. Dawa za kichefuchefu za madukani nyingi si za walio chini ya miaka miwili, kwa hiyo kipimo cha mwanao mwulize daktari wake kabla ya safari, ukiandike kwenye kichupa chenyewe kwa kalamu ya wino. Mkipanga safari ijayo, chukueni chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, ambako meli huyumba kidogo kuliko mbele na juu.